Kupogoa na kutunza miwaridi nyumbani: mwongozo kamili kwa bustani za Afrika Mashariki

Ukitafuta maelekezo ya kupogoa miwaridi, mara nyingi utaambiwa usubiri mwisho wa majira ya baridi, macho ya matawi yakianza kuvimba ndipo ukate. Ushauri huo unaifaa Uingereza au Uholanzi, ambako mwaridi hupukutisha majani na kulala miezi kadhaa. Nairobi, Arusha, Lushoto au Bukavu mwaridi haulali. Una tumba Januari, una tumba Juni, na kila mwenye nyumba akishika mkasi anaona ua linakaribia kufunguka, anaona huruma, anaahirisha. Miaka ikipita anabaki na kichaka kirefu kuliko uzio, chini miti mitupu yenye miba, juu kabisa maua madogo yanayomwangalia jirani.

Kwa kuwa huku hakuna baridi ya kuulaza mwaridi, kazi ya kuupangia mapumziko ni yako. Unaupangia kwa kalenda ya mvua, na unakata bila woga. Mwaridi wenye afya hauuawi na mkasi. Unauawa na maji yanayotuama mizizini, kivuli cha kutwa nzima, na mchwa.

Ujue kwanza mwaridi ulio nao

Miwaridi mingi ya vitalu vya mijini ni ya kisasa, yaani inachanua tena na tena. Kuna yenye ua moja kubwa juu ya kikonyo kirefu, kundi ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia aina ya La France iliyopatikana Ufaransa mwaka 1867. Kuna inayotoa maua kwa vichala. Kuna midogo ya chungu, na kuna inayopanda ukutani. Aina hizi zote huzaa maua kwenye chipukizi jipya, na hiyo ndiyo sababu ukikata unapata maua mengi zaidi: umeulazimisha mti utoe machipukizi mapya.

Iko mingine inayochanua mara moja tu kwa mwaka, kwenye matawi yaliyokua mwaka uliopita. Mfano ulio karibu na watu wa pwani ni mwaridi wa Jabal Akhdar kule Oman, ambao maua yake hutengenezwa maji ya waridi. Maua yake huchumwa kati ya mwisho wa Machi na Mei, basi, mpaka mwaka mwingine. Mwaridi wa namna hiyo ukiukata wiki chache kabla ya msimu wake umeyatupa maua ya mwaka mzima. Unapogolewa baada ya kumaliza kuchanua, na unatolewa matawi yaliyozeeka tu.

Kama umehamia nyumba yenye mwaridi usioujua, utazame kwa mwaka mmoja ukiondoa matawi makavu peke yake. Ukichanua zaidi ya mara moja, endelea na mwongozo huu wote.

Wakati wa kukata

Hesabu ni hii: kutoka siku ya kukata hadi ua kufunguka ni takriban wiki 6 hadi 8 mahali penye joto la wastani. Ukipanda juu kwenye baridi, Limuru, Molo au Njombe, zinaweza kufika 10. Chipukizi huwa laini kabisa katika mwezi wa kwanza, na huo ndio mwezi ambao hutaki likutane na mvua kubwa za mfululizo, kwa sababu ukungu unapenda jani changa lililolowa.

Kwa maeneo yenye masika na vuli, yaani sehemu kubwa ya Kenya ya kati na kaskazini mwa Tanzania, pogoa sana mwishoni mwa Agosti, baridi na mawingu ya Juni na Julai yakishapita. Maua yatakuja Oktoba na Novemba. Pogoa tena kidogo katikati ya Januari upate maua kabla ya masika kushika. Iringa, Mbeya na Njombe, kwenye msimu mmoja mrefu wa mvua, kupogoa mara moja mwishoni mwa Agosti kunatosha, na ni salama zaidi kwa sababu Juni na Julai umande wa barafu huweza kuunguza machipukizi sehemu za juu. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, subiri masika yaishe, ukate Julai wakati wa kipupwe.

Sharti la yote haya ni maji. Ukikata kiangazi lazima uwe na uhakika wa kumwagilia. Kama unategemea mvua peke yake, subiri mvua za kwanza za vuli zilowanishe ardhi vizuri, halafu kata. Utapambana na madoa ya majani zaidi, lakini mti hautakauka.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia ukiwa na shughuli. Harusi iko nyumbani tarehe 20 Desemba? Kata kati ya tarehe 25 Oktoba na 8 Novemba. Mashamba ya maua ya Naivasha yanaishi kwa hesabu hii: ili maua yawe tayari kwa Siku ya Wapendanao, 14 Februari, matawi hukatwa kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba.

Vifaa

Nunua mkasi wa kupogolea ambao makali yake yanapishana kama mkasi wa kitambaa. Ule ambao ubapa mmoja unagonga juu ya chuma bapa huponda tawi bichi, na tawi lililopondwa linaoza. Kwa matawi mazito kuliko kidole gumba tumia msumeno mdogo wa kukunja. Vaa glavu za ngozi zinazofika juu ya kifundo cha mkono, pamoja na shati la mikono mirefu. Usidharau mchomo wa mwiba, kwani vimelea vya udongoni huingia hapo. Osha kidonda mara moja kwa sabuni, na kama hujachanjwa pepopunda muda mrefu, nenda kituo cha afya.

Noa mkasi kwa jiwe au tupa ndogo kabla ya kuanza. Weka karibu kitambaa na spiriti ya asilimia 70, upanguse makali kila unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine, na kila baada ya kukata tawi linaloumwa. Jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa tisa za maji inafanya kazi hiyo pia, ila hula chuma: suuza na upake mafuta ukimaliza.

Kukata, hatua kwa hatua

Siku mbili kabla, mwagilia vizuri. Fanya kazi asubuhi siku ya jua ili majeraha yakauke mapema.

Hatua ya kwanza ni kuinama. Ondoa majani yaliyoanguka na magugu mpaka uone shina linapoingia ardhini. Ukiwa umesimama utaona maua, ukiinama utauona mti wenyewe: shina lipi limezeeka, lipi jipya, lipi limekufa. Shina jipya lina rangi ya kijani au wekundu na ngozi laini. La zamani lina rangi ya kijivu, limepasukapasuka, na limeshika magome.

Pili, ondoa kilichokufa, kinachoumwa na kilichovunjika. Hapa hakuna cha kufikiria sana. Kata, halafu tazama kiini cha tawi pale ulipokata. Kikiwa cheupe au kijani hafifu, umefika penye uhai. Kikiwa cha kahawia, hata nusu yake tu, shuka sentimita mbili au tatu ukate tena. Endelea kushuka mpaka weupe utokee. Watu wengi huishia katikati kwa kuona tawi limebaki fupi, na wiki chache baadaye weusi unateremka mpaka kwenye shina. Tawi fupi lenye kiini cheupe ni bora kuliko refu lenye kiini cha kahawia.

Tatu, fungua katikati. Matawi mawili yakisuguana, ondoa lililo dhaifu. Yanayokua kuelekea ndani yatoke. Lengo ni umbo la bakuli, matawi yamezunguka pembeni na katikati hewa inapita, kwa sababu jani linalokauka haraka baada ya mvua haliugui kirahisi. Kwenye miwaridi ya ua kubwa ondoa pia vitawi vyembamba kuliko penseli, kwani vitakupa ua dogo lenye shingo iliyolegea. Ile ya vichala usiibane hivyo, iachie vitawi kiasi.

Nne, chagua mashina ya kubakiza. Manne hadi sita yenye nguvu yanatosha kwa mwaridi uliokomaa. Kila unapopogoa sana, toa shina moja au mawili yaliyozeeka kuliko yote, ukate chini kabisa. Hivyo mti unajifanya upya pole pole. Kama umerithi kichaka kilichoachwa miaka mingi, usikinyoe chote siku moja: toa theluthi ya mashina ya kale msimu huu, theluthi nyingine msimu ujao.

Tano, punguza urefu. Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinapotupoteza zaidi. Kule mwaridi hukatwa hata kubaki sentimita 20 au 30. Kwetu mti una majani mwaka mzima na akiba yake kubwa ya chakula iko kwenye mashina yenyewe, hivyo ukiukata chini mno unaupokonya akiba. Bakiza sentimita 45 hadi 60, na kwa miti mirefu yenye nguvu hata 80. Kwa upogoaji mdogo wa Januari toa theluthi moja tu ya urefu.

Kila mkato ufanyike juu ya jicho linalotazama nje. Jicho ni kile kivimbe kidogo kwenye pembe ya jani, au juu ya alama ya mstari iliyoachwa na jani lililoanguka. Kwenye shina la zamani halionekani vizuri, lipitishie kidole utalihisi. Acha milimita 5 hivi juu yake. Ukiacha kisiki kirefu kitakufa na kuoza kuelekea chini, ukikata karibu mno jicho litakauka. Mkato uinamie upande wa pili wa jicho ili maji yateleze, lakini usihangaike kupima pembe. Ukali wa mkasi una maana kuliko pembe. Huna haja ya kupaka rangi wala nta kwenye jeraha.

Mwaridi unaopanda una utaratibu wake. Mashina marefu makuu usiyafupishe. Yalaze kwa ulalo kadiri yanavyokubali, uyafunge kwenye waya kwa kamba laini au utepe wa kitambaa, kisha vitawi vya pembeni uvipunguze vibaki na macho mawili au matatu. Shina lililolazwa hutoa maua urefu wake wote, lililosimama wima hutoa kileleni tu.

Mwisho, zoa kila kitu. Majani yenye madoa usiyatie kwenye mboji, yachome au uyafukie mbali.

Maotea ya shina la chini

Miche mingi ya dukani imebebeshwa: aina nzuri imeunganishwa juu ya mizizi ya mwaridi mwingine mgumu. Mashamba ya Kenya hutumia sana mwaridi uitwao Natal Briar kwa kazi hii. Shina hilo la chini likitoa chipukizi lake, litakua kwa kasi na kuunyima chakula mwaridi ulioulipia. Ukisikia mtu anasema waridi lake jekundu limegeuka jeupe, mara nyingi aina ya juu imekufa na iliyochanua ni ya chini.

Fukua udongo ufuate otea mpaka linapotokea. Kama ni chini ya fundo la kubebeshea, lishike kwa glavu na ulinyofoe kwa kulivuta kuelekea chini, litoke na kitako chake. Ukilikata kwa mkasi unaacha macho kwenye kitako, na yatarudi mengi zaidi. Likitokea juu ya fundo, hilo ni shina jipya la mwaridi wako mwenyewe. Lilinde.

Wiki nane baada ya mkasi

Macho yataanza kuvimba ndani ya wiki moja au mbili. Mara tu baada ya kupogoa, zungushia nusu ndoo ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyoiva vizuri, uichanganye na udongo wa juu bila kuchimba sana. Samadi ya kuku ni kali, iache ioze miezi kadhaa kwanza. Machipukizi yakifika urefu wa kidole, weka vijiko viwili vya chakula vya mbolea ya dukani ya NPK 17:17:17 kwa kila mti, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, juu ya udongo uliolowa, kisha mwagilia tena. Rudia tumba zikianza kuonekana. Maganda ya ndizi na mayai yapite kwanza kwenye mboji, yakitupwa mabichi shinani yanaita wadudu na panya.

Mwagilia maji mengi kwa kuruka siku, si kidogo kila siku. Ndoo ya lita 10 kila siku ya tatu au ya nne kiangazi inatosha mti mmoja, na itaishusha mizizi chini. Mwaga chini, asubuhi, majani yabaki makavu. Tandaza nyasi kavu au maganda ya kahawa unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha nafasi wazi kuzunguka shina. Palipo na mchwa, kagua matandazo kila wiki, maana nyasi kavu ndicho chakula chao.

Kuna machipukizi yatakayoishia bila tumba. Yakate hadi kwenye jani lenye nguvu, yatajaribu tena. Kama mti una majani machache, yalaze badala ya kuyakata, uyabane chini kwa kijiti. Wakulima wa maua ya kuuza hufanya hivyo kwa makusudi: tawi dhaifu lililolazwa linabaki kuutengenezea mti chakula kwa majani yake, na mashina mazito huchomoza kutoka chini.

Ua likinyauka, usisubiri lianguke lenyewe. Shuka kutoka kwenye ua, ukipita majani yenye vipande vitatu, mpaka jani la kwanza lenye vipande vitano linalotazama nje, ukate juu yake. Mti ukiachwa utengeneze tunda la mbegu unapunguza maua. Ua la kuweka mezani likatwe asubuhi, na bakiza kwenye tawi angalau majani mawili ya vipande vitano.

Magonjwa na wadudu

Madoa meusi yenye kingo zilizochakaa, jani likigeuka njano na kudondoka kuanzia chini, ndio ugonjwa mkuu wa wakati wa mvua. Mbegu za ukungu huu zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi ili ziingie, na ndiyo sababu nimesisitiza hewa katikati na kumwagilia chini. Aina za njano huumia zaidi. Udhaifu huo unahusishwa na mwaridi wa njano wa Uajemi, ambao Mfaransa Joseph Pernet-Ducher aliutumia kupata Soleil d'Or, aina iliyotolewa mwaka 1900. Okota majani yaliyoanguka kila wiki. Ikibidi, nyunyiza dawa ya ukungu yenye shaba kutoka duka la pembejeo, kwa kipimo cha kwenye kibandiko.

Ubwiri unga huja siku zikiwa kavu na usiku una unyevu: majani machanga yanajikunja na kupakwa weupe. Salfa inaudhibiti, ile ile ambayo wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaitumia dhidi ya ubwiri wa mikorosho. Usiipulize joto likizidi nyuzi 30, itaunguza majani.

Vidukari hujazana kwenye tumba na ncha laini. Vitoe kwa maji ya nguvu asubuhi siku tatu mfululizo kabla ya kufikiria dawa. Kiangazi kikali, majani yakipauka na kuonyesha vidoti vidogo, geuza jani: utaona utitiri wekundu na utando mwembamba. Maji ya nguvu chini ya majani yanasaidia, na mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni kidogo ya maji pia, jioni jua likishapoa.

Mawaridi ya vikuba (vishada vya maua yenye harufu ambavyo wanawake wa pwani hujipamba navyo), ya marashi au ya kutia kwenye chakula yasipuliziwe sumu kabisa. Tenga mti mmoja kwa kazi hiyo.

Chungu na joto la pwani

Kwa chungu, ndoo ya lita 20 yenye matundu ni kipimo cha chini kwa mwaridi wa kawaida. Hitaji la jua ni lile lile la mwaridi wa ardhini, saa 6 kwa siku. Maji huhitajika karibu kila siku kiangazi, na mbolea kidogo kila wiki tatu kwa sababu inaoshwa. Pwani, tafuta mahali penye jua la asubuhi na kivuli baada ya saa nane mchana, mbali na upepo wa chumvi, na uongeze mboji nyingi kwenye mchanga. Huko mwaridi wa kienyeji wenye harufu, unaofungwa kwenye vikuba pamoja na asumini na mrehani, unastahimili joto kuliko miche ya bei kubwa inayoletwa kutoka nyanda za juu. Mimi ningeanza na huo.

Vipande ulivyokata

Usitupe matawi yote. Chagua yenye afya, unene wa penseli, yaliyokwisha kutoa ua. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20 vyenye macho manne au matano, chini ukate mlalo mara chini ya jicho, juu ukate kwa mteremko ili usigeuze kipande juu chini. Ondoa majani, uache mawili ya juu. Chomeka theluthi mbili ya urefu kwenye mchanga uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu, mwagilia, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, uweke kivulini penye mwanga. Mfuniko wa chupa ufungue mchana dakika chache hewa ibadilike. Majani mapya si uthibitisho wa mizizi, kipande kinaweza kuchipua kwa akiba yake na kufa. Baada ya wiki 6 hadi 8 kivute kidogo sana: kikishikilia, kina mizizi.

Toa chupa kwa awamu, saa chache kila siku kwa wiki nzima, kisha hamishia kwenye mfuko wa miche. Miwaridi ya kienyeji na ya vichala hushika vizuri kwa njia hii. Ile ya ua kubwa hushika pia, lakini juu ya mizizi yake yenyewe mara nyingi hukua taratibu kuliko iliyobebeshwa. Mche mchanga ukitoa tumba katika miezi mitatu ya kwanza, litoe likiwa dogo, nguvu iende mizizini.